Picha zimejaa ukutani, mtoto hata hazitazami: niendelee au niache?

Swali: Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini. Nina mtoto wa miaka saba, hatamki maneno ya kueleweka, akitaka kitu ananishika mkono ananivuta, nisipoelewa anapiga kelele au anajirusha chini. Kwenye semina tuliambiwa tutumie picha, nikachapisha nyingi tu, nyingine nikabandika ukutani na nyingine ziko kwenye faili. Sasa muhula mzima umeisha na mtoto hata hazitazami. Mama yake naye hataki kuzisikia, anasema akizizoea ndio hatoongea tena maisha. Wenzangu wanasema dawa ni tableti, na shule haina. Niendelee au niache?

Jibu: Mwalimu, endelea, ila sio kwa namna hiyo uliyoanza nayo. Na usijilaumu sana manake hicho ulichoeleza ndicho nakikuta karibu kila darasa ninaloitwa kuangalia, picha zipo, nzuri, za rangi, zimepigwa laminesheni kabisa, ukiuliza mtoto anazitumiaje unaambiwa "anatakiwa azioneshe". Sawa, anatakiwa. Nani kamuonesha zinaoneshwaje?

Kwanza fanya kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Simama mbele ya huo ukuta uhesabu, picha ngapi ni za wewe kumwambia yeye (kaa, nyamaza, panga foleni, nawa mikono, ratiba ya leo) na ngapi ni za yeye kukuambia wewe. Mi nadhani utakuta karibu zote ni za upande wako. Hizo sio mbaya, ratiba ya picha ni kitu cha maana sana na nitairudia huko chini, lakini ni kazi mbili tofauti kabisa, na mtoto ambaye kila picha anayoiona inamuamrisha kitu hana sababu yoyote ya kuzipenda. Halafu angalia na zilipo. Wewe sauti yako unatembea nayo popote, uwanjani, chooni, kwenye foleni, yake umeibandika juu ya ubao na nyingine umeifungia kwenye faili kabatini, na yeye kakaa dawati la nyuma. Kelele iko karibu zaidi. Angekuwa nani asingepiga kelele.

Sasa pa kuanzia. Usianze na kumfundisha majina ya picha, ile ya "hii nini? onesha mpira, onesha kikombe". Huo ni mtihani, sio mazungumzo, na mtoto anaweza kuzijua picha mia kwa mtihani na bado asikuombe maji. Mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walitengeneza mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha, unaojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama PECS, na ubora wake mi naona ni hapo pa mwanzo tu: mtoto anaanza kwa KUMPA mtu picha. Hata haijalishi bado kama anaijua hiyo picha ni ya nini. Kinachofundishwa ni kwamba nikienda kwa mtu, nikampa kitu hiki mkononi, kinatokea ninachotaka. Mtoto anayekuvuta mkono tayari ameshajua unahitajika, anachokosa ni namna ya kukuambia kitu chenyewe.

Ngoja nikuoneshe kwa karibu. Tuseme anapenda mapovu ya sabuni. Mnahitajika watu wazima wawili, na hapa ndipo wengi wanaporuka ndio maana inawashinda. Wewe unakaa mbele yake na kichupa cha mapovu, unapuliza kidogo bure, anafurahi, halafu unakishika kichupa hakifikii. Kati yenu kuna kadi moja tu. Mwenzako kakaa nyuma ya mtoto, kimya, haongei hata neno. Mtoto ananyoosha mkono kwenye kichupa, basi yule wa nyuma anaushika ule mkono taratibu, anausaidia kuokota kadi, anaupeleka mpaka kwenye kiganja chako kilicho wazi, anaiachia. Na wewe hapo hapo, bila kuchelewa, "Mapovu!" unapuliza. Sio "mwanangu umefanya vizuri sana sasa sema mapovu", hapana, unataja jina unapuliza, basi. Mnarudia. Yule wa nyuma anapunguza msaada akianzia mwishoni, kwanza anaacha kumsaidia kuiachia kadi kwenye kiganja chako, halafu anaacha kuupeleka mkono, mpaka siku mtoto anaiokota mwenyewe.

Na usimuulize "unataka nini?". Najua inawasha mdomoni, walimu tumezoea kuuliza. Lakini ukimuuliza kila mara anajifunza kwamba kuongea ni jambo la kusubiri uulizwe, na huyo utamkuta miaka ijayo anaumwa tumbo amekaa kimya kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Akishaweza hapo, unasogea. Hatua ya pili ni umbali, unarudi nyuma, unageuka kidogo, unaiweka kadi mbali, ili ajifunze kukufuata na asikate tamaa. Ya tatu ndio anaanza kuchagua kati ya kadi, na mwanzoni weka moja ya kitu anachokipenda sana na moja ya kitu ambacho hana habari nacho, tuseme soksi. Akikupa soksi, mpe soksi. Sura atakayokukunjia inatosha kumfundisha kwamba kuna tofauti kati ya kadi na kadi. Baada ya hapo inakuja sentensi fupi kwenye kipande cha kadi, "nataka" na kitu, kisha kujibu swali, na ya sita ni kusema anachokiona au kukisikia bila kuomba kitu. Wenye mfumo wana mafunzo yake kamili, ukipata nafasi nenda, mi nakupa mlango tu.

Shida yangu na hizi kadi ni moja, shule nyingi zinaishia hatua ya tatu. Mtoto anakuwa fundi wa kuomba, nataka hiki nataka kile, na watu wazima wanapiga makofi. Lakini hebu jisikilize wewe mwenyewe kwa siku moja, maneno mangapi ni ya kuomba vitu? Unakataa, unauliza, unalalamika, unaita mtu, unatania. Kwa hiyo wakati unaendelea na kadi, tengeneza pia ubao wa mawasiliano, karatasi moja ya A4 yenye vyumba vyumba, maneno yake yote yakiwa sehemu moja. Na uchague maneno kwa akili. Tafiti za Kiingereza zinaonesha maneno mia chache tu ndio yanabeba kama asilimia 80 ya mazungumzo ya kila siku, na mengi sio majina ya vitu. Kwetu yatakuwa ya aina hii: nataka, sitaki, tena, bado, basi, nisaidie, nipe, njoo, twende, angalia, imeisha, wapi, nani, mimi, wewe, nzuri, mbaya, inauma. Yaandike kama mtoto anavyoyasikia yakisemwa, "nisaidie" na sio "kusaidia", hakuna mtoto anayeomba msaada kwa kusema kusaidia. Nimeshaona mbao zina tembo, twiga, pundamilia, kifaru, wanyama wa porini wote wamo, na "sitaki" haimo. Huyo mtoto anaenda kuongea na nani kuhusu kifaru?

Hiyo SITAKI naomba tukae nayo kidogo. Ndio kadi walimu wanaiogopa, "akiwa nayo si atakataa kila kitu?" Kwa wiki za mwanzo ndio, atakataa, kwa sababu miaka saba alikuwa anakataa kwa kujirusha chini na leo amepata njia nyepesi. Pokea. Pale inapowezekana, akisema sitaki, iwe hivyo, kiondolewe. Isipowezekana bado unamjibu kama unavyomjibu mtu: "Nimekusikia, hutaki. Bado mbili, halafu basi," huku unaonesha bado na basi kwenye ubao, na baada ya hizo mbili kweli iwe basi. Kitu ambacho usikifanye kabisa ni kumnyang'anya ubao kwa sababu anausumbua au amekosa adabu. Mtoto anayeongea kwa mdomo akikosa adabu hatumzibi mdomo kwa plasta. Na "inauma" iwepo na kachoro ka mwili pembeni anyooshee panapouma, hiyo sio ya mjadala.

Sasa jambo lenyewe, na kama utachukua moja tu kwenye jibu hili lote chukua hili. Wewe ndiye wa kwanza kuongea kwa picha, sio yeye. Mtoto mchanga anasikia maneno kama mwaka mzima ndio anatoa la kwanza, na katika huo mwaka hakuna anayemwambia "haya nimeshaongea na wewe sana, sasa jibu". Huyu wako muhula mzima amemuona mtu yeyote, hata mmoja, akiongea kwa kunyooshea picha? Alikuwa anasubiriwa aitumie lugha ambayo hakuna mtu shuleni anaiongea.

Kwa hiyo unapoongea nae, sauti yako ya kawaida inaendelea, na kidole chako kinagusa neno moja au mawili ya maana kwenye ubao. "Twende nje" unagusa TWENDE. "Oo, mpira umeisha pumzi, mbaya huu" unagusa MBAYA. "Unataka tena?" TENA. Sio kila neno, utachanganyikiwa wewe na yeye. Kama hajaanza kabisa gusa neno moja, akianza moja wewe gusa mawili, unabaki hatua moja mbele yake. Na ukishagusa usimshike mkono aguse na yeye, usimwambie "sasa wewe", muache. Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Walimu hatuwezi kunyamaza, sekunde tatu tu tunaona darasa limekufa, lakini huyu anatakiwa asikie, afikirie, atafute picha ilipo, anyanyue mkono, na wewe kwenye ya tatu umeshauliza swali la pili, umemfutia alichokuwa anakitafuta.

Ndio maana pia maneno yasihamehame. TENA ikiwa kona ya chini kulia ibaki hapo hapo hata ubao ukikua, mkono unakariri njia kama wewe unavyoandika ujumbe kwenye simu bila kutafuta herufi. Acha vyumba vitupu tangu mwanzo kwa ajili ya maneno yajayo badala ya kupangua kila mwezi. Rangi zinasaidia kutafuta, wengi wanatumia njano kwa watu, kijani kwa vitendo, chungwa kwa vitu, bluu kwa sifa, ni mpango uliotokana na kazi ya mwalimu wa viziwi aitwaye Edith Fitzgerald ya 1926. Ukitumia rangi zako nyingine hamna tatizo, mradi mwalimu wa mwakani asizibadilishe.

Nije kwa mama. Hofu yake ina mantiki kabisa, mtu akipata njia rahisi si ataacha ngumu? Ila haiendi hivyo. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwepo, katika watoto na watu wazima 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi baada ya kupewa picha, ishara au vifaa, asilimia 11 walibaki walivyokuwa na asilimia 89 waliongeza. Waliongeza kidogo tu wengine, kwa hiyo usimwahidi mama kwamba mtoto ataongea, hilo hatulijui mimi na wewe. Mwambie sauti haizimwi, kila unapogusa picha unaongea. Ila kusema kweli akina mama hawashawishiki kwa asilimia. Mwite siku mtoto ameshashika ile ya mapovu, mkalishe kwenye kiti chako, kichupa mkononi mwake, mtoto ampe kadi yeye mama. Halafu aende nayo nyumbani hiyo hiyo moja, sio faili zima.

Kuhusu picha zenyewe niende haraka. Wengine wanaelewa kitu chenyewe tu (kikombe halisi maana yake maji), wengine picha ya simu, wengine mchoro, na sio lazima mtoto apande ngazi zote kwa mpangilio, jaribu uone. Ukipiga picha kwa simu weka kitu kwenye meza isiyo na chochote, manake mtoto anaweza kuikariri maua ya kitambaa cha meza na sio kikombe. Kwa michoro kuna ARASAAC, ni ya serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania, maelfu ya michoro ya bure ilimradi usiuze na utaje inakotoka, na kuna Mulberry nayo ya bure. Chagua moja ukae nayo, usichanganye mitindo mitatu kwenye ubao mmoja. Neno liandikwe juu ya mchoro, ili kidole kinapogusa mchoro lisizibwe. Mtoto ambaye ubongo wake unapata shida kuchambua anachokiona, mpe picha moja kubwa kwenye karatasi nyeusi, vitu vichache.

Ratiba niliyoahidi. Wazo la kupanga siku kwa picha lilienezwa sana na TEACCH, programu iliyoanzishwa na Eric Schopler huko North Carolina, ikawa ya jimbo zima 1972, kwa ajili ya watoto wenye usonji. Ukutani haifanyi kazi kama mtoto haigusi. Aichomoe kadi ya kinachofuata, aende nayo mpaka kilipo, na kikiisha aitumbukize kwenye mfuko wa "imeisha". Uwe na kadi ya mabadiliko pia, maana mwalimu wa michezo atakuwa hayupo siku moja, na ni afadhali ukae nae chini umuoneshe MICHEZO inatoka, BADILIKO inaingia, KUCHORA inafuata, kuliko agundue mwenyewe akiwa mlangoni amevaa viatu. Ile ya "kwanza hiki, halafu kile" ni ratiba ya kadi mbili tu na ni nzuri mno, ila ukiahidi halafu usitoe, hata mara moja, umeiua.

Tableti. Ni nzuri, inatoa sauti, inabeba maelfu ya maneno, mtoto anaweza kumuita mtu aliyempa mgongo, kitu ambacho karatasi haiwezi. Ila inaisha chaji, inadondoka, juani haionekani, kwa hiyo hata mwenye tableti bado anatakiwa awe na karatasi. Na darasa ambalo watu wazima hawagusi karatasi hawatagusa na tableti, itageuka ya katuni. Usiisubiri. Ikija, iwe ya kuongelea tu, na maneno yakae kwa mpangilio ule ule wa ubao wenu.

Ukipata baadae mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mikono haimtii, usimkatie tamaa ya picha. Anaweza kuchagua kwa macho ukizipanga mbali mbali kwenye plastiki inayoonesha upande wa pili, au wewe unataja moja moja na yeye anakupa alama yake ya ndio, kukonyeza, kunyanyua kichwa, chochote anachokiweza kila mara. Hapo kumbe kuna historia nzuri, Charles Bliss alichapisha alama zake 1949 akitaka mataifa yaelewane bila vita, mataifa hayakumjali, mwaka 1971 walimu wa watoto wenye ulemavu wa viungo huko Toronto ndio wakazichukua, watoto ambao hawajawahi kusema kitu wakaanza kusema kwa alama hizo.

Na wenzake darasani. Chapisha ubao mkubwa uuweke mbele, tumia na darasa zima wakati wa hadithi, nakala ndogo zigawe kwenye madawati na moja iende uwanjani. Watoto watazishika kabla ya walimu wenzako, utaona. Cha kuangalia ni yule rafiki mwema anayemsemea kila kitu, "mwalimu anataka maji, mwalimu amechoka", mpe kazi ya kusubiri. Mkuu wa shule akikuuliza huu ni mtaala gani, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 2, unahesabu njia mbadala za namna hii kuwa ni mawasiliano kamili, na cha 24 kinazungumzia elimu.

Jumatatu basi toa kila kitu ukutani isipokuwa ratiba, tengeneza ubao wa vyumba visivyozidi ishirini, ufunge kamba au uutundike kwenye kiti chake uende nae kokote, tafuta mwenzako wa kukaa nyuma na kitu kimoja anachokipenda. Kila siku andika mstari mmoja tu kwenye daftari: leo kuna lolote aliloanzisha mwenyewe bila kuulizwa? Usihesabu kadi anazozijua, hesabu hizo. Wiki zikipita mstari uko mtupu, cha kwanza kubadilisha ni kile kitu cha kumvutia, huenda mapovu unayapenda wewe tu. Na kabla ya yote hayo muulize mama kama mtoto ameshapimwa masikio, kama bado aende kwanza, kisha mtaalamu wa usemi na lugha akipatikana amuone na ubao akiwa nao mkononi, sio ubaki shuleni.